Mwongozo kwa Uvimbe Unaotafuta Barabara

Keti hapo, ewe uvimbe, nikufundishe kazi. Miaka mingi nimekukejeli peke yangu, nimeinamia darubini katika chumba kidogo cha maabara hapa Mususa, Butembo. Leo nakukejeli hadharani, na kila neno nalimaanisha. Utapewa mwongozo kamili wa kujipatia mishipa ya damu, bila uongo ndani yake. Lakini nyuma yako wamekaa jirani zangu wa Butembo na Beni, nao wanasikiliza. Nataka wajue unapita wapi, unaazima kwa nani, na ni kwenye kona ipi unaweza kukamatwa.

Anza kwa kukubali kwamba wewe ni mdogo. Oksijeni ikitoka kwenye mshipa hupenya nyamani sehemu moja au mbili za kumi za milimita tu, karibu unene wa unywele mmoja au nywele mbili. Seli iliyokaa mbali zaidi ya hapo hukosa hewa. Kwa hiyo, ukiwa huna mishipa yako mwenyewe, utafika ukubwa wa punje ya ulezi, milimita moja au mbili, kisha utakwama. Unaweza kukwama miaka mingi, mwenye mwili akilima, akivuna na kuoza mabinti, asijue kwamba upo.

Aliyeifichua aibu yako hiyo ni daktari mpasuaji wa Marekani, Judah Folkman. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akitumikia jeshi la majini la nchi yake, yeye na mwenzake Frederick Becker walipanda seli za saratani katika tezi iliyokwisha kutolewa mwilini na kulishwa kwa maji yenye himoglobini. Vimbe ziliota, zikawa ndogo kama kichwa cha pini, zikasimama hapo. Zilipohamishiwa kwa panya walio hai, mishipa ilizifuata na zikafura. Mwaka 1971 Folkman aliandika waziwazi kwamba uvimbe hauwezi kukua bila kuvuta mishipa mipya, na kwamba atakayeizuia mishipa hiyo atakuwa amekunyima chakula. Wenzake wengi hawakumwamini. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 2008.

Watu wa Butembo hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Mji wetu umekaa milimani, juu ya mita 1,700, na mifuko ya saruji, mapipa ya mafuta na marobota ya vitambaa hutufikia yakipanda kutoka mpaka wa Kasindi, yakipitia Beni. Mvua ikiikata barabara wiki moja tu, mama anayeuza sokoni anajua kabla ya mtu yeyote. Ndiyo maana raia na wafanyabiashara wa hapa wamewahi kuchanga fedha zao wenyewe ili barabara zitengenezwe. Sisi tunajenga kwa jasho letu. Wewe huna hata mshipa mmoja uliouleta. Kila utakachokitumia utakiiba kwa mwenye mwili.

Basi jifunze udongo, maana barabara hupita juu ya udongo. Wengi hudhani mwili ni seli zilizopangwa kama matofali, basi. Kati ya matofali kuna tope linaloyashika, na wataalamu huliita matriksi ya nje ya seli. Jirani yangu, ukitaka kuligusa kwa mkono, ingia jikoni. Chemsha miguu ya ng'ombe kutwa nzima kwa moto mdogo, uiache sufuria usiku. Asubuhi utakuta supu imeganda, inatetemeka ukiitikisa, na ukiibonyeza kwa kidole inainuka tena. Hiyo ni kolajeni iliyofumuliwa na moto. Kabla ya moto ilikuwa kamba, nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, ngumu kiasi cha kushikilia kano la fahali. Ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini.

Kolajeni zina aina nyingi. Ya kwanza ndiyo ya ngozi, kano na mifupa. Ya nne husukwa kama wavu mwembamba sana, na pamoja na protini iitwayo laminini huuzunguka kila mshipa wa damu. Huo ni uzio. Seli za ukuta wa mshipa zikiwa zimekalia wavu huo ulio mzima, hutulia. Hazigawanyiki ovyo, hazitembei. Iko pia fibronektini, inayozipa seli mahali pa kushika. Kisha kuna heparani salfeti, minyororo mirefu ya sukari inayoning'inia kwenye protini zake kama ndevu za muhindi kwenye gunzi. Kumbuka ndevu hizo. Tutazirudia.

Daktari Mwingereza Stephen Paget aliona mapema kwamba udongo una neno lake. Mwaka 1889 alichambua habari za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akauliza kwa nini mbegu za ugonjwa huota katika viungo vingine na vingine zikavipita. Jibu lake lilikuwa la mkulima: mbegu husambaa kila upande, lakini huota penye udongo unaozifaa. Mlima wowote wa Kivu unaopandwa maharage utakuambia vivyo hivyo.

Sasa piga yowe. Seli zako za katikati zikianza kukosa hewa, ndani yake itasimama protini inayoitwa HIF, ambayo penye oksijeni ya kutosha huvunjwa kila mara. Waliofafanua namna seli inavyopima oksijeni, Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019. HIF ikisimama, itaamuru utoe ujumbe, na ujumbe wako mkuu ni protini iitwayo VEGF. Harold Dvorak na wenzake waliikuta mwaka 1983 kama kitu kinachofanya mishipa ivuje. Napoleone Ferrara akaitenga mwaka 1989 kama kitu kinachofanya mishipa ikue. Ni protini ileile. Kuvuja na kukua ni ndugu, nawe utaishi na aibu ya undugu huo mpaka mwisho wako.

Usidhani ujumbe unatosha. Una ujumbe wa namna mbalimbali, na tofauti yake ni jinsi unavyonata kwenye ndevu zile za heparani salfeti. VEGF ya asidi amino 121 hainati. Inaelea na kwenda zake. Ya 165 inanata kiasi. Ya 189 inang'ang'ania karibu na seli iliyoitoa. Hili ni muhimu kwa sababu mshipa mpya huongozwa na seli moja ya mbele, yenye vidole vyembamba vinavyopapasa njia. Seli hiyo inahitaji kujua upande upi una ujumbe mwingi na upi una kidogo. Fikiria mgeni anayeshuka kwenye pikipiki asubuhi hapa Mususa, hajui nyumba ya mama anayekaanga mandazi. Harufu ikiwa kali upande mmoja na hafifu upande mwingine, ataifuata hadi mlangoni. Harufu ikijaa mtaa mzima sawasawa, atazunguka bure. Panya waliobadilishwa wakabaki na ile VEGF isiyonata tu, mishipa yao ilikuwa minene na yenye matawi machache, kama njia pana isiyofika nyumbani kwa mtu. Kwa hiyo anayetoa ujumbe ni wewe, lakini anayesema njia ipite wapi ni udongo.

Hatua inayofuata ni kukata uzio. Ule wavu wa kolajeni ya nne unaizuia mishipa isichipue, nawe utahitaji makasi. Mwili unayo: vimeng'enya vinavyoitwa metaloproteinasi, vinavyofanya kazi kwa msaada wa zinki. Mara nyingi hutavitoa wewe. Utawadanganya askari wa mwili, seli nyeupe zilizokuja kuona kuna nini, wavitoe wao. Mwaka 2000 Gabriele Bergers, Douglas Hanahan na wenzao walionyesha kwa panya kwamba kimeng'enya kimoja cha aina hiyo, MMP-9, ndicho kilichoufungulia uvimbe mlango. VEGF ilikuwapo siku zote, lakini ilikuwa imeshikwa udongoni kama fedha iliyofukiwa chini ya jiko. Makasi yalipopita, fedha ikatoka.

Na hapa, uvimbe, ndipo ninapokucheka kwa sauti. Kila unapokata uzio, vipande vyake vinakugeukia. Mwaka 1997, katika maabara ya Folkman mjini Boston, Michael O'Reilly na wenzake waligundua kwamba kolajeni ya kumi na nane, iliyomo katika uzio wa mishipa, ikikatwa mwishoni hutoa kipande kinachozizuia seli za mshipa zisigawanyike. Walikiita endostatini. Baadaye kikapatikana kingine, tumstatini, kutoka kolajeni ileile ya nne uliyoivunja kwa furaha. Kabla ya hapo, mwaka 1990, ilikuwa imejulikana kwamba thrombospondini, protini nyingine ya matriksi, huizuia mishipa mipya. Bomoa ukuta, na utarushiwa matofali.

Ushahidi mmoja wa jambo hili umekaa katika familia za watu. Jeni ya kolajeni ya kumi na nane iko kwenye kromosomu ya 21, na watu wenye ugonjwa wa Down wana kromosomu hiyo tatu badala ya mbili. Damu yao ina endostatini nyingi kuliko ya wengine, na vimbe nyingi ngumu za saratani huwapata kwa nadra kuliko watu wa rika lao, ingawa saratani ya damu utotoni huwapata zaidi. Folkman aliirudia hoja hiyo mara nyingi, nami naiona ni miongoni mwa hoja nzuri kuliko zote katika elimu hii. Mtoto ambaye majirani wanamnong'onea mlangoni anatembea akiwa na dawa ndani yake.

Jirani, kama unaona nasema mambo ya vitabuni tu, chukua yai la kuku anayelalia, la siku ya tano hivi. Ingia chumba chenye giza, liweke juu ya taa ya simu yako, ulizungushe polepole. Utaona doa jeusi katikati, na kutoka hapo nyuzi nyekundu zimetawanyika kama miguu ya buibui. Ni mishipa, na siku chache zilizotangulia haikuonekana. Yai kama hilo ndilo lililotumiwa katika maabara ya Folkman na nyingine nyingi: hutobolewa dirisha dogo kwenye ganda, kipande cha uvimbe au tone la dawa huwekwa juu ya utando, kisha mtu hutazama kama mishipa inaelekea huko au inakimbia. Ukimaliza kutazama, mrudishie kuku yai lake lingali na joto.

Uvimbe, tuendelee. Uzio ukishakatika, jifanye kidonda. Neno hilo ni la Dvorak, aliyeandika mwaka 1986 kwamba vimbe ni vidonda visivyopona. Mishipa inayovuja huachilia majimaji ya damu. Ndani yake mna protini za kugandisha, nazo hufanya utando wa fibrini, ukichanganyika na fibronektini. Kwenye kidonda cha jembe mguuni, utando huo ni wa muda: mishipa hupita juu yake, ngozi hufunga, utando huondolewa, kovu hubaki. Wewe unavuja leo, kesho na kesho kutwa, kwa hiyo utando hauondolewi kamwe. Mwili unakuletea mafundi wa kuponya, nao wanakujengea nyumba wakidhani wanamtibu mtu.

Seli za mshipa hushika utando huo kwa mikono inayoitwa integrini, ambayo upande mmoja inagusa matriksi na upande mwingine inapeleka habari ndani ya seli. Seli isiyoshika kitu hujiua. Wakati huohuo kimeng'enya kingine, lisili oksidesi, kinafunga kolajeni kwa mafundo mapya mpaka udongo unakuwa mgumu. Ndiyo maana daktari akipapasa titi hukuhisi kama jiwe. Kinachohisiwa na vidole vyake mara nyingi ni udongo uliokazwa kuliko seli zenyewe.

Hapa kwetu una ndugu wa kipekee, naye ndiye ninayemjua zaidi. Ni saratani ya Kaposi. Moritz Kaposi aliieleza Vienna mwaka 1872, kwa wazee wa Ulaya waliokuwa na mabaka ya zambarau miguuni. Kwao ilikuwa nadra. Kwetu haikuwa nadra. Kabla ya sida kujulikana, mashariki mwa Kongo na magharibi mwa Uganda palihesabiwa kati ya sehemu zenye Kaposi nyingi kuliko zote duniani, hasa kwa wanaume wakulima. Mwaka 1957 daktari Thijs alichapisha makala juu ya ugonjwa huo katika Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, na mwaka 1961 wataalamu walikutana Makerere, Kampala, kuuzungumzia huo peke yake. John Ziegler, aliyeanza kazi ya taasisi ya saratani ya Uganda mwaka 1967, alipendekeza mwaka 1993 kwamba udongo wa volkano unaopenya nyayo za watu wasiovaa viatu, ukiziba njia za maji ya mwili mguuni, unaweza kuwa na mkono wake. Ilikuwa dhana, lakini iliutazama mguu wa mkulima kwa heshima.

Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore walimkamata mshiriki mkuu: virusi vya nane vya jamii ya herpesi. Na tazama vinavyoingia. Kwanza vinajishikiza kwenye zile ndevu za heparani salfeti. Kisha vinashika integrini, kwa alama ileile fupi ambayo fibronektini huitumia kushikwa. Vinaazima ufunguo wa matriksi na kuingia nyumbani kama mwenyeji. Vikishaingia, seli ya ukuta wa mshipa inarefuka kama kijiti cha kusokotea uzi, inatoa VEGF, inaita wenzake. Ndugu yako huyu hangoji barabara imfikie. Anaigeuza barabara yenyewe kuwa uvimbe. Mtu akiwa pia na virusi vya sida, protini ya virusi hivyo iitwayo Tat huongeza moto.

Chini ya darubini yangu anaonekana hivi: seli nyembamba zimelala sambamba kama majani yaliyolazwa na maji ya mafuriko, na kati yake kuna nyufa. Hizo nyufa ndizo mishipa yako. Hazina ukuta wa maana, uzio wake umetatuka, na chembe nyekundu za damu zimemwagika nje, zimepangana kwenye nyufa kama abiria walioshuka garini kwenye tope. Rangi ya zambarau inayoonekana kwenye ngozi ni damu hiyo iliyopotea njia. Kazi yote hiyo, mwongozo mrefu wote huu, na barabara yako haipitiki.

Mzee mmoja alikuja kutoka milimani, mwembamba, kofia mkononi. Bote lake la mguu wa kushoto alikuwa amelipasua kwa kisu kutoka juu hadi kwenye kifundo, maana mguu ulikuwa umevimba na haukuingia tena. Muuguzi akamwambia, "Papa, vua tuone." Akasema, "Ni miba tu, mwanangu. Nilikanyaga miba ya mti tangu mwaka juzi." Alivua. Wayo wake ulikuwa na mabaka manne meusi, makubwa kuliko sarafu, yaliyoinuka kidogo, na ukiyabonyeza yalikuwa magumu kama ngozi ya ngoma. Hayakumuuma. Kwa kuwa hayakumuuma, alikuwa amengoja. Muuguzi alipapasa mguu wote, akatazama kinywani mwake, kwenye kaakaa, kisha daktari akakata kipande kidogo kama punje ya mchele, nacho kikaletwa kwangu.

Dawa zako zipo, uvimbe, ingawa hazijawa zile tulizoota. Bevacizumabu, inayoinasa VEGF kabla haijafika, iliruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana; huongeza miezi, nawe ukishagundua njia moja imefungwa hutafuta nyingine. Endostatini ilitangazwa kwa shangwe mwaka 1998 kwa sababu ya panya, lakini kwa watu haikutenda vile. China iliidhinisha aina yake iliyorekebishwa mwaka 2005 kwa saratani ya mapafu. Dawa za kuziba makasi ya metaloproteinasi zilishindwa katika majaribio, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba makasi hayohayo mwili unayatumia pia kutengeneza vipande vinavyokupiga. Tuliyajua makasi kabla ya kuujua udongo. Kwa Kaposi ya wenye virusi vya sida iliyoenea, majaribio yaliyofanyika katika nchi kadhaa, Kenya na Uganda zikiwemo, yakachapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba paklitakseli pamoja na dawa za virusi hufanya vizuri kuliko mchanganyiko wa bleomisini na vinkristini. Paklitakseli huua seli zinazogawanyika, na hata kwa kipimo kidogo huzizuia seli za mshipa zisitembee.

Mzee hakuwa na virusi vya sida. Watoto wake waliuza ng'ombe, wakampeleka kwa njia ya Beni, Kasindi na Bwera hadi Kampala, siku mbili garini, mguu ukiwa umewekwa juu ya gunia la maharage ili maji yashuke. Akatibiwa huko, akarudi, akaenda tena kila baada ya wiki tatu. Mara ya nne aliporudi alipita maabara kunisalimia. Nilimwomba nione mguu. Mabaka yalikuwa yamelala, rangi imegeuka kuwa kahawia kama kovu la kuungua, na mifupa ya kifundo ilionekana tena. Alikuwa amevaa mabote mapya, mazima yote mawili, na chini ya kwapa alishika lile la zamani lililopasuliwa, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Hili nimewaletea ninyi," akasema. "Akija mwingine ambaye mguu hauingii, mpeni avae, asije peku."